Tusimpitishie Msanii Bakuli

Mimi nimestaafu ualimu. Kadi za michango hazijastaafu. Zinaletwa nyumbani na watoto wa majirani, zinaachwa dukani nizikute ninapofuata sukari, na siku hizi zinaingia hata kwenye simu usiku wa manane. Harusi, kipaimara, kumuaga binti, kuezeka nyumba ya mchungaji. Sina ugomvi nazo. Mchango wa harusi ni deni la kupokezana: leo kwangu, kesho kwako, na asiyechanga anajua kwamba siku yake atapika pilau la watu kumi. Kadi inayonichoma ni ya aina moja tu. Ni ile inayosema kuwa kutakuwa na tamasha la hisani la kumchangia mwimbaji fulani, au mchekeshaji fulani, au mpiga gitaa fulani ambaye ni mgonjwa, kwamba mgeni rasmi atakuwa mheshimiwa nani, na kwamba wasanii wenzake watatumbuiza bure.

Soma tena maneno hayo, ndugu msomaji. Watatumbuiza bure. Yaani ili kumsaidia mtu aliyefanya kazi bila malipo mpaka akaugua akiwa hana akiba, tunawaita wenzake ishirini nao wafanye kazi bila malipo. Kisha tunapiga makofi na kuita jambo hilo moyo wa huruma.

Nataka nieleweke mapema. Sisemi watu wasitoe. Nimezaliwa na kukulia chini ya Mlima Meru, mahali ambapo mavuno ya kwanza hupelekwa kanisani, na ibada ikiisha mkungu wa ndizi na jogoo hupigwa mnada pale nje mpaka jogoo mmoja anunuliwe kwa bei ya mbuzi. Najua utamu wa kutoa. Ninachosema ni kwamba kwa msanii tumegeuza utoaji kuwa pazia. Nyuma yake tunaficha deni ambalo hatutaki kulilipa.

Angalieni tunavyowatumia. Katika miaka yangu ya kuongoza shule nilihudhuria mikutano ya kuchangisha fedha isiyohesabika: ya madarasa, ya madawati, ya zahanati, ya mabomba ya maji yatokayo mlimani. Sikuona hata mmoja usiokuwa na ngoma, kwaya au ngonjera. Bila wao watu hawaji, na wakija hawakai, na wakikaa hawafungui pochi. Sasa chukua bajeti ya siku hiyo. Turubai na viti vina bei. Vipaza sauti vina bei. Mpishi ana bei, na aliyechinja ana fungu lake la nyama. Mshereheshaji ana bahasha yake, tena nono. Dereva wa mgeni rasmi anajaziwa mafuta. Kwenye mstari wa ngoma wameandika: soda kreti mbili. Mtu pekee aliyewaleta watu uwanjani ndiye pekee anayelipwa kwa soda.

Katika shule niliyomalizia kazi nilikataa utaratibu huo. Niliiambia kamati kwamba kama fundi wa turubai ana bei basi mpiga ngoma naye ana bei, na iandikwe kabla ya siku yenyewe. Kamati ilinung'unika. Mjumbe mmoja alisema, «Mwalimu, hawa si wanafurahia tu?» Nikamwuliza kama yeye, kwa kuwa anafurahia kulima kahawa, huwa anaitoa bure. Fungu la ngoma likapita.

Lakini shule moja si kijiji kizima. Tulikuwa na mzee wetu mmoja wa ngoma, ambaye jina lake nalihifadhi kwa heshima ya familia. Alikuwa na mikono ambayo sijaiona tena kwa mtu mwingine. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna kiongozi aliyefika tarafani kwetu asipokewe na ngoma yake, na hakuna jiwe la msingi lililowekwa bila yeye kuwa amesimama juani tangu saa mbili asubuhi akimsubiri mgeni wa saa saba mchana. Mwaka 2009 alianguka, akavunjika nyonga. Hospitali ikataja gharama. Kikaitishwa kikao, ikaundwa kamati, na mimi nikapewa kazi ya kushika daftari, kwa kuwa watu hudhani mwalimu mstaafu hana la kufanya.

Daftari hilo bado ninalo. Siku ya tamasha ziliandikwa ahadi za shilingi 3,150,000. Mgeni rasmi peke yake aliahidi milioni moja, akashangiliwa, akapigwa picha akimshika mkono mzee aliyeletwa kwa machela na kulazwa kando ya meza kuu. Fedha taslimu zilizokusanywa zilikuwa 840,000. Gharama za shughuli, yaani turubai, vipaza sauti, chakula cha meza kuu na bahasha ya mshereheshaji, zilikuwa 515,000. Ikabaki 325,000. Katika miezi sita iliyofuata nilifuatilia ahadi kwa miguu, na nikapata 200,000, karibu zote kutoka kwa akina mama wa sokoni walioahidi elfu mbili na elfu tano. Ile milioni haikuja. Nilikwenda ofisini kwa mheshimiwa mara nne. Mara ya nne katibu wake aliniambia kwa upole, «Mzee wangu, ile ilikuwa ahadi ya hamasa.»

Ahadi ya hamasa! Sisi tulifundishwa kwamba ahadi ni deni. Kumbe kuna ahadi nyingine ambayo ni sehemu ya burudani. Mheshimiwa naye alikuwa ametumbuiza. Mzee wetu alitembelea magongo mpaka alipofariki.

Mtu atasema hayo ni mambo ya vijijini, wasanii wakubwa wana ahueni. Hawana. Mwishoni mwa mwaka 2012 msanii wa filamu Juma Kilowoko, ambaye wengi tulimjua kwa jina la Sajuki, alipanda jukwaani hapa hapa Arusha akiwa mgonjwa wa kuonekana kwa macho. Alikuwa amekwishapelekwa India kutibiwa kwa michango ya watu. Pale jukwaani nguvu zilimwishia, akaanguka mbele ya watazamaji. Tarehe 2 Januari 2013 alifariki katika Hospitali ya Muhimbili. Sitaki kumlaumu mtu kwa jina, wala sijui nani alimshauri nini. Nauliza tu: ni kazi gani nyingine katika nchi hii ambayo mgonjwa wake hulazimika kusimama mbele ya umati ili umma uamini kwamba anaumwa? Mhasibu akiugua hatumpeleki uwanjani akahesabu mbele yetu.

Amri Athumani wa Tanga, King Majuto, alitufanya tucheke kwa miongo kadhaa. Alipougua, nchi nzima iliombwa kumwombea na kumchangia, akapelekwa India, akarudi, akafariki Agosti 8, 2018. Katika ugonjwa huo ndipo yalipoanza kusemwa hadharani mambo ya mikataba ya matangazo aliyokuwa ameyafanya: sura yake iliuza bidhaa za watu, na yeye alipata kidogo. Wizara ikasema mikataba ya wasanii ipitiwe. Vizuri. Lakini tazama mpangilio wa mambo. Kwanza bakuli, baadaye mkataba. Kama mkataba ungetangulia, huenda bakuli lisingehitajika.

Marijani Rajab, Jabali la Muziki, alifariki Machi 1995 akiwa hana kitu, na nyimbo zake zinapigwa mpaka leo kwenye redio, kwenye baa na kwenye mabasi yatokayo hapa stendi alfajiri. Muhidin Gurumo, baada ya kuimba tangu miaka ya 1960, alistaafu mwaka 2013 na kusema kwamba katika muziki wote ule hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Kijana Diamond Platnumz aliposikia akamzawadia gari. Alifanya jambo la heshima, na mimi, ambaye si mpenzi sana wa nyimbo za vijana, nilimvulia kofia. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, Gurumo alifariki. Zawadi ya kijana mwenye moyo ni zawadi. Haiwezi kuwa malipo ya uzeeni, kwa sababu si kila mzee atasikiwa na kijana mwenye gari la kutoa. Nani aliwapa magari wapiga besi? Nani anayajua hata majina yao?

Na inauma zaidi ukikumbuka kwamba tulikwisha kuanza vizuri. NUTA Jazz ilianzishwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Kiwanda cha Urafiki kilikuwa na bendi yake, polisi yao, jeshi lao. Kulikuwa na kikundi cha taifa cha ngoma, na kilipovunjwa ukafunguliwa mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Sisemi mishahara ile ilikuwa minono. Sisi walimu tunajua mishahara ya wakati ule. Nasema kulikuwa na fikra kwamba kupuliza tarumbeta ni kazi, na mwenye kazi hulipwa mwisho wa mwezi. Mashirika yalipouzwa na kufungwa miaka ya 1990, fikra ile nayo ikafungiwa stoo pamoja na matarumbeta.

Wako wanaodhani kwamba shida hii ni ya Kiafrika. La hasha. Nimekuwa nikisoma habari za waigizaji wa Uingereza wa karne ya kumi na tisa, enzi ya Malkia Victoria, na mara nyingi nimefunga kitabu nikasema: hawa ni sisi. Mwigizaji wa kule alikuwa na usiku wake mmoja kwa msimu ambao mapato ya mlangoni, baada ya kutoa gharama za jumba, yalikuwa yake. Akauza tiketi mwenyewe, mlango kwa mlango, akiwainamia wenye duka na wenye cheo. Mashuhuri akapata kitita. Yule wa kubeba mkuki nyuma ya mfalme akabaki na deni la mishumaa.

Wenzetu wale walijaribu njia mbili za kujinasua, na tofauti ya njia hizo ndiyo ninayotaka kila kamati ya tamasha la hisani iijue.

Njia ya kwanza ilikuwa ya fahari. Mwaka 1858 waliamua kujenga makao ya waigizaji wazee, wakayaita Chuo cha Kifalme cha Maigizo, mahali paitwapo Maybury karibu na mji wa Woking. Mume wa Malkia aliweka jiwe la msingi mwaka 1860. Mwana wa Malkia akafungua jengo mwaka 1865. Mgeni rasmi juu ya mgeni rasmi! Fedha zilitafutwa kwa maonyesho makubwa ya kila mwaka katika jumba la Crystal Palace, waigizaji wa kike mashuhuri wakisimama kwenye vibanda na kuwauzia mabwana vitu vidogo vidogo kwa bei ya ajabu. Watu walijaa. Magazeti yaliandika. Na mwaka 1877 makao yale yakafungwa kwa kukosa fedha. Jengo lilikaa mpaka likanunuliwa na msomi mmoja, Dk. Leitner, aliyeligeuza kuwa taasisi ya elimu ya Mashariki na kujenga kando yake mwaka 1889 msikiti wa Shah Jahan, ambao upo hadi leo. Kwa hiyo jambo lile halikupotea bure, ila waliofaidika si waigizaji wazee.

Njia ya pili haikuwa na fahari. Mwaka 1839 ulianzishwa mfuko wa waigizaji wote kwa jumla. Kabla yake majumba makubwa mawili ya London, Covent Garden na Drury Lane, yalikuwa na mifuko yao tangu 1765 na 1766, lakini hiyo ilikuwa ya watu wa majumba hayo tu. Mwigizaji wa kuzunguka mikoani alibaki nje akichungulia dirishani. Mfuko mpya ulimkaribisha yeyote wa jukwaani aliyekuwa tayari kuchangia kiasi chake kila mwaka. Akizeeka, anachopokea si sadaka. Ni haki yake. Wafadhili walikuwapo pia, na Charles Dickens, mwandishi, alikuwa mpiga debe wao mkubwa. Aprili 14, 1851 alikuwa mwenyekiti wa karamu ya mfuko huo, na jioni ile ile mtoto wake mchanga alifariki nyumbani. Rafiki yake akamficha habari mpaka alipomaliza hotuba. Fedha za karamu zilisaidia. Lakini nguzo ya nyumba ilikuwa ada ya mwanachama. Mfuko ule uko hai mpaka leo, zaidi ya miaka 180 baadaye.

Na je, tulihitaji kwenda London kulijua hilo? Hapana. Babu zetu walilijua. Ngoma ya Beni, iliyoanzia pwani na kuenea Tanganyika yote wakati wa vita vya kwanza vya dunia na baada yake, haikuwa ya kucheza tu. Vyama vyake, Marini na Arinoti, vilikuwa na vyeo, daftari na michango. Mwanachama akifika mji wa mbali asipojua mtu, aliwatafuta wenzake wa ngoma, akapata pa kulala. Akiugua wakamtazama, akifa wakamzika. Zanzibar, Nadi Ikhwan Safaa ilianza mwaka 1905 kama chama cha ndugu wapenzi wa muziki, na bado kipo. Hawakuanza kwa kumwita mgeni rasmi. Walianza kwa kila mmoja kutia mkono mfukoni mwake.

Hata hapa mlimani tunao ushahidi wa fedha za watu wadogo zilizokusanywa bila jukwaa. Mwaka 1951 Wameru walihamishwa kwa nguvu Ngare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ardhi ipewe walowezi. Watu wale wale waliopoteza ng'ombe na maboma walichanga, shilingi kwa shilingi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, kuisema kesi yao. Wazee waliotusimulia habari hizo utotoni hawakutaja meza kuu. Walitaja nani alichanga na nani hakuchanga. Ndiyo maana kila ninapoambiwa kuwa watu wetu hawawezi kuendesha mfuko bila mheshimiwa kuuzindua, nacheka kicheko kisicho cha furaha. Kila mtaa wa mji huu una chama cha kufa na kuzikana. Akina mama wa Soko Kuu na wa Kilombero wanaendesha upatu ambao hata benki zinautamani. Ni wasanii tu tunaotaka wasubiri huruma.

Najua majibu yatakayonijia, kwa kuwa nimekwisha kuyasikia.

La kwanza ni kwamba wasanii ni wafujaji: wakipata wanakunywa, kwa hiyo wakikosa ni haki yao. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote na nimewaona walimu wakinywa mshahara mpaka senti ya mwisho. Hakuna aliyependekeza tufutiwe pensheni. Makato yalikatwa kabla fedha haijafika mkononi, na huo ndio uzuri wa makato. Mtu asiyekatwa chochote kwa sababu hana mwajiri hawezi kulaumiwa kwa ulevi peke yake. Na kwa kweli wengi wa ninaowajua hawanywi. Wana watoto tu, kama sisi.

La pili ni kwamba utamaduni wetu una kutunza. Mwimbaji wa taarabu anaimba, mama anainuka, anacheza taratibu mpaka mbele, anampa noti yake, basi, hayo ndiyo malipo. Napenda sana kuona mtu akitunzwa. Kuna adabu ndani yake: mtoaji anakwenda kwa mwimbaji, si mwimbaji kwa mtoaji, na tuzo hutolewa kwa wimbo uliompendeza mtu, si kwa ugonjwa. Lakini tuzo ni juu ya malipo. Kulifanya ndilo malipo ni sawa na kumwambia mhudumu wa hoteli kwamba mshahara wake ni ile chenji inayobaki mezani.

La tatu husemwa na washereheshaji, tena kwa sauti ya kutetemeka: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo ni ya kumtia moyo maskini asione haya kutoa kidogo. Katika matamasha yetu imekuwa fimbo ya kumchapia maskini huyo huyo, huku tajiri akitoa ahadi ya hamasa na kuondoka na picha yake. Wenzetu wa Kenya walikwisha kuliona tatizo hili katika harambee. Sheria yao ya maadili ya mwaka 2003 iliwawekea mipaka watumishi wa umma katika kuchangisha. Kwetu mheshimiwa bado anaweza kuununua uwanja mzima kwa neno tupu. Tumezoea kusema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika shughuli hizi mgeni ndiye hupona, mwenyeji akabaki na bili ya turubai.

Sasa nifanyeje? Nimewaeleza vijana wa kikundi kimoja cha muziki walionifuata nyumbani, na ninaandika hapa yale yale niliyowaambia. Msikubali kutumbuiza bure kwenye shughuli ambayo mwenye viti analipwa. Taja bei, hata ikiwa ndogo, kisha ukitaka kutoa chango lako, litoe kutoka kwenye bei hiyo, mbele ya mweka hazina, uandikiwe stakabadhi. Wekeni kando sehemu ya kila onyesho, hata kama ni moja ya kumi, kwenye akaunti ya kikundi yenye saini tatu, na mmoja wa wenye saini awe mwanamke asiyeimba. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, unamruhusu mtu aliyejiajiri ajiandikishe na kuchangia mwenyewe. Nendeni mkaulize, mkapange foleni kama wengine. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023. Ifuatilieni msijekuachwa nje kama yule mwigizaji wa mikoani. Sajilini nyimbo zenu COSOTA, iliyotokana na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na mirabaha ikigawiwa mdai hesabu, msidai kupongezwa.

Kijana mmoja, mpiga kinanda, aliniuliza: «Mwalimu, tukitaja bei si watamwita mwingine anayekubali bure?» Ni swali zuri na sikumficha jibu. Ndiyo, watamwita, mwanzoni. Kwa hiyo jambo hili haliwezi kufanywa na kikundi kimoja. Linahitaji vikundi vya Kaloleni, Ngarenaro, Tengeru na Usa River vikae chini ya mwembe mmoja na kukubaliana, kama vile wapakia mizigo wa sokoni walivyokubaliana bei ya gunia. Uwanja mkubwa wa mji wetu una jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi. Tunaweza kumheshimu msanii kiasi cha kumpa uwanja akiwa kaburini. Nauliza tutashindwaje kumlipa kiingilio cha uwanja huo akiwa hai.

Kuhusu mimi, nimejiwekea utaratibu. Kadi ya tamasha la hisani ikija, namwuliza aliyeileta mambo mawili: mgonjwa amelazwa wapi, na wanamuziki watalipwa kiasi gani. La kwanza akilijua, napanda daladala, nakwenda hospitalini, nalipa dirishani kile ningechotoa na nauli ya kwenda uwanjani, nachukua stakabadhi, nampa mgonjwa mkononi. La pili mpaka sasa hakuna aliyenijibu. Mwezi uliopita mmoja alinijibu kwamba wameandaliwa soda.